Nusu ya Nyumba Gizani

Umeme ukikatika mji mzima hapana mtu anayejiuliza sana. Kwetu Rumonge tumezoea. Watoto hupiga kelele mara moja unapokwenda, kisha hupiga kelele tena unaporudi, na katikati ya kelele hizo mbili watu huwasha mshumaa au simu na kuendelea na maongezi yao. Lakini liko giza la namna nyingine, ambalo humsumbua mtu zaidi. Sebuleni taa inawaka, stoo haiwaki. Redio inaimba, friza imenyamaza. Jirani ana umeme, nawe unao, ila huna wote. Habari za giza hilo ndizo nitakazowaelezeni, maana lilitupata nyumbani wakati wa likizo, nami nikajifunza mengi, mengine kwa fundi na mengine katika kitabu cha fizikia ambacho mpaka siku ile nilidhani kimeandikwa kwa ajili ya mtihani tu.

Nyumba yetu iko mtaa wa Birimba, si mbali na ziwa. Mama hufanya biashara ya samaki. Asubuhi hununua mikeke kwa wavuvi (ndugu zetu wa Kigoma humwita samaki huyo mgebuka), na wale wasiouzika siku ile hulala katika friza mpaka kesho. Basi usiku mmoja, yapata saa mbili na nusu, nilikuwa nikisoma sebuleni, nikasikia Mama akiita kutoka jikoni, "Mbona friza haisemi?" Nikaenda. Taa ya jikoni ilikuwa ikiwaka vizuri. Friza kimya. Chumbani kwetu sisi wavulana taa inawaka, lakini simu iliyokuwa ikichajiwa haipati kitu. Stoo giza kabisa. Ndani ya friza walikuwamo samaki wa siku mbili, maana siku ya kwanza soko lilikuwa baya.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hulifanya ni kulaumu shirika la umeme. Hapa Burundi umeme huletwa na REGIDESO, na nyumba nyingi za mjini zina mita ya kulipia kabla, ile tuiitayo Cash Power. Lakini fikiri kidogo. Mita ikiishiwa, hukata nyumba nzima, haichagui friza ikaacha taa. Kadhalika umeme ukikatika katika laini, hausimami mlangoni pa stoo. Kwa nyumba ya kawaida iliyounganishwa kwa waya mbili tu, giza la nusu nyumba karibu kila mara lina asili yake ndani ya nyumba yenyewe.

Nimesema "waya mbili", nami yafaa nieleze. Ukitazama nguzo za mtaani, mara nyingi utaona waya nne. Tatu ni za kuleta umeme, kila moja huitwa fezi, na ya nne huitwa nyutro, ndiyo njia ya kurudia. Nyumba ndogo hupewa fezi moja na nyutro. Kati ya fezi na nyutro mna volti 230. Kati ya fezi na fezi mna volti 400. Ndiyo maana siku nyingine nyumba yako ina giza na ya jirani inawaka, na ya tatu ina giza, kana kwamba umeme unabagua watu. Ni kwamba fezi moja katika zile tatu imepotea, na nyumba zilizofungwa kwenye fezi hiyo zimepotea pamoja nayo. Hapo huna la kufanya ila kuwapasha habari wenye laini.

Kutoka katika mita, umeme wa nyumba huingia katika sanduku la fyuzi, na hapo hugawanyika. Mgawanyiko huu hufanana na mfereji wa maji shambani: mfereji mmoja mkubwa, kisha vijito, na kila kijito kina mlango wake wa kufungia. Milango hiyo ndiyo fyuzi, au zile swichi ndogo zinazojikata zenyewe. Taa huwa na kijito chao, mara nyingi waya wa milimita mraba 1.5, soketi zina chao, waya mnene zaidi wa 2.5. Kwetu zilikuwamo swichi nne. Nikazitazama kwa tochi nikitumaini kuona moja imeanguka. Zote nne zilikuwa zimesimama wima.

Kama ingalikuwa imeanguka, kazi ingalikuwa nyepesi. Ungeanza kwa kuchomoa kila kitu katika kijito hicho, kisha ungeinua swichi. Ikikaa, chomeka chombo kimoja kimoja. Kile ambacho ukikichomeka swichi huanguka, ndicho kibaya. Isipokaa hata vyombo vyote vikiwa nje, basi ubaya umo katika waya wenyewe, nawe uiache chini uite fundi. Katika nyumba nyingine iko pia swichi yenye kitufe cha kujaribia, ambayo hupima umeme uendao na umeme urudio. Tofauti ikifika sehemu 30 za elfu ya ampea, hukata mara moja, kwa kuwa umeme usiorudi kwa njia yake huenda unapita katika mwili wa mtu. Swichi hiyo ikiwa inaanguka kila mara, msiifunge kwa kamba kama nilivyoona mahali pamoja. Inasema kweli.

Baba mdogo, ambaye alikuwa mgeni wetu, alitoa shauri la zamani: tutie waya mnene mahali pa fyuzi. Shauri hili limechoma nyumba nyingi. Fyuzi ya ampea 10 huungua kusudi ili waya uliomo ukutani usiungue. Ukiweka msumari au waya wa shaba wa kukunja, fyuzi haitaungua tena kamwe, na kazi ya kuungua utakuwa umempa ukuta. Lakini usiku ule shauri lake lilikuwa na kosa jingine dogo: kwetu hapakuwa na fyuzi iliyoungua. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichoungua, na friza haifanyi kazi.

Nikachukua testa ya Baba. Ni bisibisi yenye taa ndogo ya neoni ndani ya mpini. Ukiigusisha kwenye fezi huku kidole chako kiko juu ya kichwa chake, umeme mchache sana hupita katika kizuizi kilichomo, ukapita mwilini mwako usiusikie, na taa huwaka. Nikaitia katika tundu la kulia la soketi ya jikoni. Ikawaka. Vema, umeme upo! Nikaitia katika tundu la kushoto, ambalo hupaswa kuwa la nyutro. Ikawaka vilevile.

Hapo nikachanganyikiwa. Umeme upo, tena upo kotekote, na friza imekufa. Nikasema moyoni, labda friza ndiyo mbovu. Lakini simu chumbani? Na stoo? Nikaenda kwenye soketi ya chumbani, ile iliyo karibu na meza ya kupigia pasi, nikaanza kuifungua skrubu za uso wake. Nilikuwa nimekusudia kuutazama waya wa buluu, maana nilisoma kwamba buluu ni nyutro na nyutro haidhuru mtu. Kidole changu kilikuwa kimebaki upana wa shilingi moja niuguse.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, fundi umeme wa siku nyingi, ambaye Mama alikuwa amemtuma mdogo wangu kumwita. Alibisha hodi na kuingia kwa wakati mmoja. Akaniona nimepiga magoti, akapaza sauti, "Wewe! Mkono nyuma!" Nikarudisha mkono. Akaniuliza, "Umezima wapi?" Nikasema, "Sikuzima, Mzee. Hapa hapana umeme unaofanya kazi." Akacheka kicheko kisicho cha furaha.

Kisha akanifundisha. Alikwenda jikoni akachomoa friza, akachomoa chaja ya simu chumbani, akazima swichi ya taa ya stoo. Akanipa testa, akasema nijaribu tena. Tundu la kulia likawaka. Tundu la kushoto halikuwaka. Akarudisha friza. La kushoto likawaka. Akaitoa, likazima. "Umeona?" akasema. "Huo wa kushoto hautoki ukutani, mwanangu. Unapita ndani ya friza."

Wasomaji wenzangu, shikeni jambo hili. Umeme haufanyi kazi kwa kufika tu. Hufanya kazi kwa kupita. Lazima uje kwa fezi, uingie katika chombo, urudi kwa nyutro. Nyutro ikikatika mahali, umeme huja mpaka ndani ya chombo, hupita katika nyaya zake, hutokea upande wa pili, na hapo husimama kwa sababu hapana njia ya kurudi. Chombo hakifanyi kazi. Lakini ule waya wa nyutro, kuanzia chomboni mpaka pale ulipokatika, sasa umejaa volti 230 sawa na fezi, na unangoja mtu auguse ili upate njia ya kushuka ardhini. Waya wa buluu niliotaka kuugusa ulikuwa huo. Tena mafundi wengine hutumia rangi yoyote iliyobaki katika mfuko, kwa hiyo rangi si ya kuaminiwa hata siku ya amani. Zima swichi kuu kwanza, kisha pima tena kwa testa, na hiyo testa uijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, isije ikawa yenyewe ndiyo iliyokufa.

Sasa nyutro ilikatika wapi? Hapa mzee alifanya jambo lililonifurahisha, kwa sababu hakufungua ukuta wala hakugusa waya. Aliuliza maswali tu. Soketi ya sebuleni inafanya kazi? Ndiyo. Ya chumbani? Hapana. Ya jikoni? Hapana. Stoo? Hapana, na taa ya stoo, Baba alisema, iliungwa baadaye kutoka soketi ya jikoni. Mzee akasema katika nyumba nyingi soketi hufungwa kwa kufuatana, waya ukiingia katika ya kwanza na kutoka kwenda ya pili, kama wavuvi wanaopokezana kikapu. Mmoja akiangusha, wote walio mbele yake hukaa mikono mitupu, na walio nyuma yake hawana habari. Basi tafuta mpaka wa walio hai na wafu. Ubaya umo katika soketi ya mwisho iliyo hai, au ya kwanza iliyokufa, au katika waya ulio kati yao. Kwetu mpaka ulikuwa kati ya sebule na chumba chetu.

Akazima swichi kuu, akapima, akafungua soketi ya chumbani. Harufu ikatoka kabla hatujaona kitu. Skrubu ya nyutro ilikuwa nyeusi, plastiki kando yake imeyeyuka kama nta, na waya ulikuwa umeungua ukakatika. Ndipo dada yangu aliposema kwamba kwa wiki kadhaa alisikia harufu ya kuungua kila alipopiga pasi, akadhani ni pasi.

Niliuliza kwa nini swichi ya sandukuni haikuanguka, kama moto ulikuwa ukiwaka ukutani. Mzee alijibu kwa maneno mafupi, "Haikuona." Maneno marefu nimeyapata kitabuni, nami nimefanya hesabu yake. Pasi ya wati 1000 huvuta kama ampea 4.3, na friza yetu karibu ampea moja. Zikifanya kazi pamoja ni kama tano. Umeme wa friza nao ulipita katika soketi hiyo kwenda jikoni. Tuseme skrubu imelegea, mahali pa kugusana pana kizuizi cha omu 2 tu. Joto ni ampea mara ampea mara omu: 5 mara 5 mara 2, yaani wati 50. Wati 50 katika taa kubwa ya kizamani huenea katika kioo chake chote. Hapa zote zilikuwa zimekusanyika mahali padogo kama punje ya harage. Na volti zilizopotea ni 5 mara 2, yaani 10 tu, hivyo pasi ilinyoosha nguo vizuri na friza iligandisha samaki, wala hapana mtu aliyeshuku. Swichi ya ampea 16 huangalia umeme ukizidi 16. Tano si kitu kwake. Skrubu iliyolegea haizidishi umeme, hata huupunguza kidogo.

Skrubu hulegea kwa sababu nyingi. Waya hupata moto na kupoa kila siku, nao hutanuka na kusinyaa. Kwetu pwani hewa ina unyevu, shaba huota kutu ya kijani, na kutu ni kizuizi. (Si chumvi, kama asemavyo baba mdogo, maji ya Tanganyika ni matamu.) Mijusi na sisimizi hupenda kukaa ndani ya masanduku yenye joto. Kisha kuna sisi wenyewe, tunaochomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika kichwa chake.

Yako pia mambo ambayo mtu wa nyumbani asiyaguse kabisa, na moja nalitaja kwa urefu kwa sababu ni la kutisha. Wenye mashine za kusaga, mashine za barafu au za kuunga vyuma mara nyingi huletewa fezi zote tatu, na vyumba vya nyumba yao hugawanywa kati ya fezi hizo. Fezi moja ikipotea, watakuwa na giza la nusu nyumba kama sisi, na mota ya fezi tatu itanguruma bila kuzunguka mpaka iungue isipozimwa upesi. Lakini ikipotea nyutro kuu ya nyumba kama hiyo, huja maajabu: taa za chumba kimoja huwaka kwa ukali kupita kiasi, na za chumba kingine hufifia. Sababu yake ni kwamba vyombo vya fezi mbili sasa vimeungana mkia kwa mkia kati ya volti 400. Chukua mfano wa pasi ya wati 1000 katika fezi moja na televisheni ya wati 100 katika nyingine. Pasi ina kizuizi cha omu kama 53, televisheni kama 529. Zile volti 400 hugawanyika kwa kadiri ya vizuizi: pasi hupata volti kama 36, televisheni hupata kama 364. Mnyonge ndiye anayebebeshwa mzigo. Ukiona taa moja inang'aa kama jua huku nyingine inakuwa nyekundu, usitafute televisheni wala chaja. Kimbilia swichi kuu, zima yote, ndipo uite watu wa umeme.

La pili ni maji. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likaingia katika nyumba nyingi za pwani, hata hapa Rumonge. Soketi iliyozama, hata ikionekana imekauka, ndani ina matope, na matope yenye unyevu hupitisha umeme. Mtu asiiwashe mpaka ifunguliwe na kusafishwa au kubadilishwa. Na swichi kuu isiguswe na mtu aliyesimama majini. Afadhali wenye laini wakate nguzoni.

Narudi jikoni kwetu. Mzee alikata waya ulioungua mpaka akapata shaba safi inayong'aa, akafunga soketi mpya aliyokuwa nayo mfukoni, kisha akafungua na nyingine zote akakaza skrubu zao. Mbili zaidi zilikuwa zimelegea. Kazi yote ilipungua saa moja. Muda huo wote Mama alikuwa akifungua friza kila dakika chache kutazama kama samaki wanayeyuka, na mzee ndiye aliyemkataza, akisema, "Mama, baridi hiyo unaitoa wewe." Vitabu husema friza iliyojaa ikifungwa hushika baridi kama saa 48, na iliyo nusu kama saa 24. Vitabu hivyo nadhani viliandikwa katika nchi zisizo na joto la Rumonge, kwa hiyo mimi ningepunguza.

Saa nne kasorobo friza ikaanza kunguruma. Mzee alikataa malipo ya kazi, akapokea bei ya soketi tu, pamoja na mikeke wawili waliofungwa katika jani la mgomba, wangali wagumu kama mawe. Siku hizi dada hupigia pasi sebuleni.